Alifika, Lakini Hakuingia

Saa tatu asubuhi, chai ya Mama Maana Yake imeshapoa na kuota utando. Hajaigusa. Amesimama dirishani na karatasi mkononi, midomo inacheza bila sauti, kisha anarudi mezani, anakaa, anainuka tena. Kiti chake hakijapata joto tangu aingie.

“Bila kubebwa,” anasema, wala hasemi na mtu. “Bila kubebwa. Wameifuta.”

Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja wa muswada wa sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Ni ukurasa wa fasili, yaani ile sehemu ya mwanzo inayosema neno hili maana yake ni hili, na lile maana yake ni lile. Kazi ya mama huyu katika idara ya uandishi wa sheria ni kuhakikisha Kiswahili cha muswada kinasema kilichokusudiwa na hakisemi kisichokusudiwa. Ameifanya miaka mingi, hata jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye hati ya mshahara tu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa idara, wote wanamwita Maana Yake.

Saa kumi jioni muswada unakwenda kwa mpiga chapa. Ukishatoka hapo, kubadilisha neno moja kutahitaji kikao cha kamati, na kamati, kama ajuavyo kila aliyewahi kuingojea, haina haraka na mtu.

“Leo situlii,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Usinishangae nikizungukazunguka. Nikikaa, nasikia maneno yananicheka.”

Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, pamoja na mashine ya kurudufu inayokohoa na kabati lisilofunga vizuri. Lifti iliharibika zamani. Tangazo la kuomba radhi lililobandikwa mlangoni pake limeshageuka rangi ya chai. Naam, ofisi inayotunga sheria ya majengo ya watu wote inafikiwa kwa ngazi peke yake. Kinyozi hajinyoi.

Anayedhani kazi hii ni ya kukaa na kamusi ajaribu kwa siku moja. Maneno tunayoyatumia nyumbani bila wasiwasi yanapoingia kwenye sheria hugeuka kuwa watoto watundu. Chukua neno mlango. Rasimu ya kwanza ilisema mlango wa choo uwe na upana wa kutosha kitimwendo, yaani kile kiti cha magurudumu. Fundi mmoja aliyeombwa kuijaribu rasimu akapima ubao wa mlango, akaona umetimia, akaupachika. Ulipofunguliwa, ubao na bawaba vikala nafasi, na kiti kikakwama kwenye fremu.

“Fundi hakukosea,” anasema Maana Yake. “Sisi tunaita mlango ule ubao, na tunaita mlango lile tundu. Yeye alipima ubao. Aliye kwenye kiti anapita kwenye tundu. Sasa tumeandika ‘uwazi wa mlango ukiwa umefunguliwa’. Limekuwa refu, lakini mtu anapita.”

Ana njia yake ya kuyapima maneno, na si ya chuoni. Kila fasili anayoiandika humsomea shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni dalali wa nyumba. Mtu huyu anaweza kukukodisha chumba kisicho na dirisha akakuambia kina kivuli kizuri. Kazi anayopewa ni moja: atafute namna ya kukwepa. Asipoipata, fasili imepita. Akiipata, anacheka mpaka anashika mbavu, na Maana Yake anarudi kuandika upya.

“Dawa ya moto ni moto,” anasema mama huyu. “Mtu mwema hawezi kukusaidia kazi hii. Mtu mwema akisoma sheria anaitii tu.”

Ni dalali huyo aliyelitoboa neno mteremko. Rasimu ilisema penye ngazi pawekwe pia mteremko. “Shem,” alimwambia, “mteremko ni wa kushuka. Tajiri wangu mwenye nyumba ataweka njia ya kushukia. Ya kupandia mbona hamkuitaja?” Nyumba nzima ilicheka siku hiyo. Maana Yake naye alicheka, kisha chakula kikamshinda. Siku ya pili neno lilikuwa limebadilika kuwa “njia ya mwinamo ya kupandia na kushukia”, na ukali wa mwinamo umeandikwa kwa vipimo, ili mtu asiulizwe kama yeye ni mkwezi.

Lakini neno linalomnyima raha leo si mlango wala mteremko. Ni kufikika. Na hili lina jeraha ndani yake.

Mdogo wake wa mwisho ni msusi. Anatumia kitimwendo tangu utotoni, na vidole vyake, kwa maelezo ya wateja wake, vinasuka huku mdomo ukikusuta na bado hutoki na nywele zilizopinda. Anasukia barazani kwake bila leseni. Leseni inatolewa katika ofisi iliyo ghorofa ya juu ya jengo moja la mjini, na mwombaji lazima aende mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Jengo hilo lina ngazi tu.

Mara ya kwanza alipokwenda, wapagazi wawili walijitolea kumbeba. Hapendi kulisimulia jambo hilo, ila akilisimulia hamumunyi maneno.

“Walinibeba kama gunia la mkaa,” anasema msusi. “Mikono ikapita mahali ambapo hata mume wangu huomba ruhusa. Nao walikuwa watu wazuri, wanacheka, wanasema ‘pole dada’. Tukafika juu, tukaambiwa mashine ya picha mbovu, njoo wiki ijayo. Wakanishusha vile vile. Niliapa siku ile. Sibebwi tena.”

Aliporudi wiki iliyofuata aliishia chini ya ngazi. Maofisa hawakushuka. Akapeleka malalamiko kwenye baraza linaloamua kesi za namna hiyo, akiitegemea sheria ya zamani iliyosema kwamba kila jengo la umma “liwe lenye kufikika”. Sheria ile haikueleza kufikika maana yake ni nini. Iliona ni neno la wazi.

Wakili wa mwenye jengo alimuuliza swali moja tu la maana.

“Dada, siku hiyo ulifika pale jengoni?”

“Nilifika,” alijibu, “lakini—”

“Ahsante. Sina swali jingine.”

Alishindwa. Baraza lilisema limesikitika, ila neno ni neno: jengo linafikika, na shahidi wa kufikika kwake ni mlalamikaji mwenyewe.

Maana Yake alikuwa amekaa nyuma kwenye benchi siku hiyo. “Nililia barabarani, mtu mzima mimi,” anasema. “Sikulilia kesi. Nililia neno. Mdogo wangu alisema kweli, kwa Kiswahili safi, na kile Kiswahili kikamfunga mdomo.”

Tangu siku hiyo, neno hilo limepigwa marufuku katika familia yao. Watu wengine wakitoka safari hupiga simu wakasema “nimefika”. Hawa husema “nimeingia”. Hata watoto wameshazoea. Ukimwambia msusi huyo kwa bahati mbaya kwamba umefika, atakuuliza, “Umefika wapi? Mlangoni au ndani?”

Sasa manispaa imemwonya: apate leseni kabla ya mwaka kwisha, au afunge kibaraza chake cha kusukia. Wateja waliposikia onyo hilo wengine wakahama. Zamani alisuka vichwa vitano, sita kwa siku. Wiki hii, siku nzuri ni vichwa viwili. Dada yake humsaidia anapoweza, ingawa mshahara wa idara unatosha kodi na karo, na siku za mwisho wa mwezi, kama anavyosema mwenyewe, “hujitegemea zenyewe”.

Kwa hiyo msomaji aelewe kwa nini mama huyu hakai akakalika. Sheria mpya ikipita ikiwa na fasili isiyo na tundu, mdogo wake atarudi mbele ya baraza la malalamiko na kudai upya. Ikipita na tundu, atafunga biashara aliyoijenga kwa vidole vyake.

Fasili aliyoiandika Maana Yake ilisema jengo lenye kufikika ni lile ambalo mtu anaweza kulifikia, kuingia, kulitumia na kutoka, kwa mlango ule ule wanaoutumia wengine, bila kubebwa. Neno ‘kutoka’ aliongezewa na mkuu wa idara, mama kijana mwenye miwani na akili inayokata, aliyeuliza moto ukiwaka itakuwaje. ‘Mlango ule ule’ aliuongeza msusi, ambaye amechoka kuingizwa kwenye mahoteli kwa njia ya mapipa ya taka.

Jana jioni, ‘bila kubebwa’ ilifutwa. Maana Yake anafungua mlango wa mkuu wake bila kupiga hodi.

“Mama, najua unachotaka kuniuliza,” anasema mkuu. “Sikuifuta kwa ubaya. Kuna mzee mmoja alikuja kwenye kikao cha maoni. Miguu haifanyi kazi, na kila mahali mwanawe humbeba mgongoni. Akasema, ‘Mnataka kumkataza mwanangu kunibeba? Ndiyo heshima yake kwangu hiyo.’ Ningemjibu nini?”

“Hatumkatazi, mkuu.”

“Tunajua sisi. Ila jengo lisilotaka mzee aingie na mwanawe litasema sheria imekataza kubebwa. Wewe si ndiye uliyenifundisha kusoma kama mwizi?”

Hoja ni nzito, na Maana Yake anaiona. Anarudi chumbani kwake na kuanza upya.

Anajaribu “bila msaada”. Mkuu anaikataa akiwa bado kwenye simu, kwa kutikisa kichwa tu: asiyeona huenda na kiongozi, asiyesikia huenda na mkalimani, na sheria haiwezi kuwaambia waache msaada wao nje. Maana Yake anakubali kwamba hapo alikurupuka.

Anajaribu “bila kulazimika kubebwa”. Hii anaipenda. Anaisoma kwa sauti, mara ya kwanza polepole, mara ya pili akitembea, kisha anampigia dalali.

“Isome tena, shem,” sauti ya dalali inatoka kwenye simu, nyuma yake kelele za watu wanaobishana bei. Anasomewa. Halafu kicheko. “Kulazimika! Nani kamlazimisha? Si angerudi nyumbani? Tajiri wangu atasema, sisi hatukumlazimisha mtu kubebwa, kapenda kupanda mwenyewe.”

“Una roho mbaya wewe.”

“Si umeniomba? Mimi binafsi nampenda shemeji msusi. Lakini tajiri wangu hampendi, na sheria ni ya tajiri wangu.”

Simu inawekwa mezani kwa kishindo. Saa sita imeshapita. Mchapaji wa chumba cha pili anachungulia, anauliza kama ukurasa uko tayari, anaona uso wa mama, anarudi zake taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Maana Yake anakaa asiinuke. Anafunika macho kwa viganja.

“Naogopa,” anasema. “Niseme ukweli. Naogopa kwamba hakuna neno. Kwamba mtu akitaka kumwacha mwenzake nje, Kiswahili chote hakitoshi kumzuia.”

Saa saba simu inalia. Ni mdogo wake. Yuko chini, getini. Amekuja na gari la jirani kwa sababu amekaa nyumbani na kazi imemshinda kwa kuuwaza muswada. Amemsuka mteja upande mmoja akaona anakosea njia, akamwomba arudi kesho.

Maana Yake anashuka ghorofa tatu, mkono kwenye ukuta, magoti yakilalamika. Dada na mdogo hukutana hapo hapo siku zote. Msusi hajawahi kukiona chumba anachofanyia kazi dada yake, wala lile kabati, wala ile mashine inayokohoa. Anavijua kwa kusimuliwa.

“Umekula?” anauliza mdogo.

“Sijala.”

“Nilijua. Uso wako umenyauka kama nywele za dukani.”

Jua linawaka. Mlinzi wa getini, mwanamume mpole mwenye filimbi shingoni, anaona mgeni anaungua, anakuja mbio na kushika vishikio vya kitimwendo kwa nyuma ili amsogeze kivulini. Msusi anakamata magurudumu. Kiti kinasimama ghafla.

“Kaka, ahsante sana,” anasema, sauti ya kawaida kabisa, kama aliyeisema mara nyingi. “Ila usinisukume mpaka nitake mwenyewe.”

“Samahani, dada. Niliona jua.”

“Nimeliona na mimi. Haya, sasa nataka. Nisukume.”

Mlinzi anacheka, anamsukuma. Maana Yake amebaki juani, mdomo wazi.

“Rudia,” anamwambia mdogo wake.

“Nirudie nini?”

“Ulichomwambia.”

“Nimemwambia asinisukume mpaka nitake mwenyewe. Nimekosa adabu?”

Dada yake ameshageuka. Kwa umri wake na magoti yake, namna anavyozipanda ngazi hizo si ya kuigwa. Kwenye ghorofa ya pili anasimama kushika kifua, anaendelea. Msusi kule chini anamuuliza mlinzi, “Huyu kapatwa na nini?” Mlinzi anasema hivyo ndivyo alivyo siku zote.

Juu, Maana Yake anaandika wima, bila kuvuta kiti: bila kubebwa, isipokuwa akitaka mwenyewe.

Mkuu wa idara anaisoma. Anavua miwani, anaivaa. Yule mzee atabebwa na mwanawe kwa sababu ametaka. Msusi hatabebwa kwa sababu hataki. Jengo halina la kusema katika jambo hilo. Mkuu anapendekeza “isipokuwa kwa hiari yake”, kwa kuwa “akitaka mwenyewe” inanukia jikoni, na majaji hawapendi harufu ya jikoni. Maana Yake anabisha kidogo, kwa desturi, kisha anakubali. Hiari ni neno zuri, anasema, na mzee yule atalielewa.

Dalali anasomewa kwa simu. Kelele za bei nyuma yake zinaendelea, lakini yeye hacheki.

“Shem? Upo?”

“Nipo. Nafikiri.” Anaguna. “Tajiri wangu atabidi ajenge.”

“Ajenge nini?”

“Hiyo njia yenu ya mwinamo. Au atengeneze lifti. Sioni pengine pa kupita. Umeniziba mpaka dirisha.” Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, “Mwambie shemeji msusi nimeshindwa, na nimefurahi.”

Mchapaji anapewa ukurasa. Saa kumi kasoro, mjumbe wa mpiga chapa anabeba bahasha na kushuka nayo ngazi akipiga mluzi, hajui alichobeba.

Mtu angetegemea mama huyu sasa ainywe chai yake. Anaimwaga kwenye sinki, anasimama tena dirishani. Muswada bado haujawa sheria. Wabunge watausoma, na wako watakaouliza gharama. Hata ukipita, anajua kuna siku mtu mjanja kuliko shemeji yake atakaa na ukurasa ule na kutafuta ufa.

“Usipoziba ufa utajenga ukuta, sivyo?” anasema. “Mimi kazi yangu ni nyufa. Haiishi. Nikilala naziona.”

Anastaafu mwakani. Ana mpango wa kuzunguka kwenye maeneo ya ujenzi na kuwafundisha mafundi ukurasa ule kwa mdomo, neno kwa neno, tundu si ubao, kupanda na kushuka. “Sheria hujengwa na mwashi,” anasema. “Asipoielewa yeye, mimi nimechezea wino tu.” Shemeji yake dalali ameahidi kufuatana naye, na ameshauliza kama kutakuwa na posho.

Jua limepungua nguvu anaposhuka kwa mara ya mwisho leo. Gari la jirani limeshaondoka na mdogo wake. Maana Yake anakaa kwenye kibenchi cha mlinzi, simu mapajani, akiitazama. Hataondoka mpaka ilie. Inalia.

“Nimeingia, dada,” inasema sauti ya msusi, na nyuma yake mlango unasikika ukifungwa.

“Haya, mdogo wangu. Pumzika.”

Anairudisha simu kwenye mkoba. Anaulizwa anatumaini nini, sasa kwa kuwa ukurasa umekwenda.

“Nataka apande kule akachukue leseni yake,” anasema. “Akiwa kule juu anipigie simu, aseme nimefika. Aseme hivyo tu. Nami nisimuulize amefika wapi.”